Dada Buti na Mdogo Wake

Kliniki ilikuwa nyuma ya hospitali, ukishapita chumba cha kufulia mashuka, na wagonjwa wake waliingia kwa geti dogo la pembeni. Kila asubuhi, Jumapili na sikukuu zikiwemo, watu kama mia mbili walipanga foleni mbele ya dirisha la dawa. Mfamasia alimwita mtu kwa namba, akampimia methadoni, dawa ya kumwachisha unga wa heroini, kwenye kikombe cha plastiki, naye akainywa palepale na kutaja jina lake kwa sauti, ili ijulikane ameimeza na hakuificha mdomoni akaiuze nje. Waliokunywa walikaa kwenye mabenchi wakipiga soga. Waliokuwa bado walijikunyata, pua zikiwachuruzika.

Mmoja wa wafanyakazi alikuwa mwanamke wa miaka thelathini na tisa ambaye wote walimwita Dada Buti, kwa kuwa alivaa mabuti ya mpira, jua liwake au mvua inyeshe. Kazini waliandika kwamba yeye ni mhudumu wa jamii. Maana yake, mgonjwa akikosekana dirishani siku tatu, Dada Buti ndiye aliyetoka kumtafuta kwenye magofu, chini ya madaraja na kando ya majalala, mahali ambapo usipovaa kiatu kigumu unachomwa na sindano. Hakuhitaji kuelekezwa njia. Yeye mwenyewe aliishi huko miaka minane. Alitoka kwa methadoni, kidogo kidogo, na damu yake ilipopimwa ikakutwa na homa ya ini aina ya C, akameza vidonge miezi mitatu akapona kabisa. Ndipo kliniki ikamwajiri, kwanza kwa kujitolea, baadaye kwa mkataba.

Alikuwa hodari wa kazi ile. Hakumhubiria mtu. Alichuchumaa pembeni ya mgonjwa, akamwuliza amekula nini, akamwambia kwamba Mfamasia amemkumbuka na anauliza kama amehamia Ulaya. Wengi walicheka, na aliyecheka kwa kawaida alinyanyuka akamfuata. Nesi Mkuu, mama mnene mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi, alikuwa akisema kwamba daktari anaweza kuandika dawa mpaka kalamu ikauke, lakini bila Dada Buti hakuna wa kuzimeza.

Mtu mmoja tu ndiye aliyemshinda, na huyo alikuwa mdogo wake wa tumbo moja.

Mdogo wake alikuwa mwandika mabango, na mtaani alijulikana kwa jina la Brashi. Maduka mengi ya mtaa ule yalikuwa na mkono wake: vinyozi wenye shingo ndefu, kuku wanaocheka, herufi nyekundu zenye kivuli cheusi. Alikuwa na miaka thelathini na mitano. Unga aliuacha mwenyewe, bila kliniki, kwa kujifungia chumbani siku kumi na moja akitapika na kutetemeka, na alijivunia jambo hilo kuliko mabango yake yote. Lakini alipouacha unga alishika chupa. Dada yake alipompeleka kupimwa, miaka mitatu nyuma, alikutwa na homa ya ini ileile. Akapewa tarehe ya kuanza vidonge. Hakwenda. Akapewa nyingine, hakwenda pia. Kila akiulizwa alikuwa na sababu: leo kuna bango la watu, kesho kichwa kinauma. Siku moja alipobanwa sana alisema wazi kwamba hataki kupanga foleni mahali ambapo dada yake ni bosi. Dada Buti aliona aibu kumlazimisha, kwa sababu anayoijua yeye, akamwachia. Alijipa moyo kwamba ini halina haraka.

Mama yao alikuwa fundi cherehani. Alishona sare za shule katika chumba cha mbele cha nyumba yake, nyumba ya vyumba vitatu aliyoachiwa na marehemu mumewe. Brashi aliishi naye, chumba cha nyuma.

Siku moja mchana mama alipiga simu kliniki, jambo ambalo hakuwahi kulifanya. Alisema suruali za Brashi hazifungi kiunoni, naye ameziongeza mara mbili kwa mkono wake na bado hazimtoshi, ilhali mikono na mashavu yake yamekwisha. Akauliza huo ni unene gani. Dada Buti alikuwa ameona matumbo ya namna hiyo mara nyingi mno. Aliomba ruhusa akaenda mbio, na mabuti yake mguuni.

Alimkuta Brashi amekaa kitandani kwa kuegemea ukuta. Macho yalikuwa ya njano na miguu imejaa. Alipomwona dada yake alitabasamu akashika tumbo kwa mikono miwili.

“Dada, nina mimba ya miezi minane,” alisema, “na baba simjui.”

Dada Buti alicheka, kwa kuwa alijua anatakiwa kucheka. Kisha akatoka nje kutafuta gari.

Kliniki ilikuwa na sheria kwamba mfanyakazi hagusi faili la ndugu yake. Nesi Mkuu alilichukua lile faili, akalibana kwapani, akamwambia Dada Buti kwamba humo ndani leo yeye ni ndugu wa mgonjwa, kwa hiyo akakae kwenye benchi. Akakaa. Miaka saba alikuwa amewaambia watu wakae kwenye benchi lile, na hakuwahi kujua kwamba ubao wake mmoja umelegea na unabana nyama ya paja, wala kwamba ukiwa pale unasikia kila kitu kinachosemwa chumba cha daktari isipokuwa maneno yenyewe.

Walimtoa Brashi maji tumboni, lita sita, yenye rangi ya chai ya rangi iliyopoa. Daktari alikuwa kijana mpole mwenye tabia ya kuchora anapoeleza. Alichora ini kwenye karatasi, akalijaza mistari, akaeleza kwamba sehemu kubwa limeshageuka kovu, na kovu haligeuki tena kuwa nyama nzima. Lakini virusi vinaweza kuuawa bado, na pombe ikiachwa, kile kilichosalia kinaweza kubeba mzigo miaka kadhaa. Brashi aliikagua ile picha akasema daktari ana mkono mzuri ila ini lake linafanana na kiatu. Kisha akauliza kama anaweza kuanza vidonge siku ileile.

Akaanza. Na safari hii hakukwepa. Pombe aliiacha tangu siku ile, chumvi akaiacha, kila asubuhi alimeza vidonge vyake mbele ya mama, naye mama akaweka alama ya chaki ubavuni mwa cherehani. Fundi Baiskeli, jirani waliyekua naye, alimbeba kwenye kiti cha nyuma cha baiskeli kila siku ya kliniki na kumrudisha, huku akiendesha polepole kama aliyepakia mayai. Mwanamume huyo naye aliwahi kutumia unga zamani, mtaa mzima ulijua, lakini alikuwa ameuacha miaka mingi, akaoa, akafungua kibanda cha kuziba pancha.

Kwa miezi ile Brashi alikuwa na hali nzuri. Tumbo lilipungua. Aliandika bango la mwisho la maisha yake, la duka la vifaa vya shule, akiwa amekaa juu ya debe kwa sababu miguu haikumruhusu kusimama. Jioni Dada Buti alipita kumwona kabla ya kwenda kwake, wakakaa barazani wakikumbushana utoto wao, na kila mmoja akamsingizia mwenzake makosa waliyochapwa wote wawili.

Majibu ya damu yalitoka baada ya miezi sita tangu aanze dawa. Virusi havikuonekana tena. Nesi Mkuu aliileta karatasi ya majibu mwenyewe mpaka kwenye benchi, akampa Brashi mkono, wagonjwa waliokuwa karibu wakapiga makofi. Wiki hiyohiyo alipelekwa kupigwa picha ya ini, kama ilivyo kawaida kwa mwenye kovu. Picha ilionyesha uvimbe upande wa kulia, mkubwa kama ndimu, na vidogo vingine vinne kuuzunguka. Daktari safari hii hakuchora. Alisema ni saratani, kwamba imetokana na lile kovu, na kwamba ilipofika haiwezi kukatwa. Dawa zilizobaki ni za kupunguza maumivu.

Brashi aliuliza, “Kwa hiyo nimepona, halafu nakufa?”

Daktari alisema ndiyo. Hakuongeza neno, na baadaye Brashi alimsifu kwa hilo.

Kuna jambo ambalo Dada Buti alikuwa amelibeba miaka kumi na sita. Alikuwa na miaka ishirini na mitatu wakati huo, Brashi kumi na tisa. Alikuwa tayari amezama katika unga, lakini nyumbani walidhani anaumwa tumbo tu. Siku moja mchana Brashi alimfumania chumba cha nyuma, sindano mkononi. Akasema anakwenda kumwambia mama. Mama alikuwa chumba cha mbele, cherehani inanguruma. Dada Buti hakulia wala hakumwomba. Alimwambia aonje mara moja kwanza, ajue ni kitu gani, ndipo akaseme. Alifanya hivyo kwa hesabu, si kwa ujinga: akishaonja hataweza kusema. Alimfunga mkono kwa mkanda wa begi la shule, akamdunga kwa sindano ileile aliyoitoa kwenye mshipa wake. Na kweli Brashi hakusema.

Wagonjwa wengi hawajui nani aliwaambukiza. Dada Buti alijua nani alimwambukiza mdogo wake.

Alilitamka jambo hilo mchana mmoja, Brashi akiwa amelazwa wodini mara ya tatu, pazia limevutwa. Alianza vizuri, kama alivyofundishwa kuanza na wagonjwa, kisha maneno yakamkatika katikati. Brashi alimwacha apige kwikwi mpaka akatulia.

“Mkono niliunyoosha mwenyewe,” alisema.

“Ulikuwa na miaka kumi na tisa.”

“Na wewe ishirini na mitatu. Unadhani ni umri wa akili huo?” Alivuta pumzi. “Dada, sikukusamehe siku nyingi. Zile tarehe za kliniki nilizokosa, nyingine nilikosa makusudi, ili uone. Nilitaka ukae dirishani unanisubiri. Huo ndio upumbavu wangu, na wako unao. Tumalize hapo.”

Kisha akamshika kiganja akamwomba jambo moja: mama asijue.

“Atabaki na mtoto mmoja,” alisema. “Usimnyang'anye na huyo.”

Dada Buti alimwahidi.

Wiki mbili za mwisho sumu ambayo ini lilishindwa kuichuja ilimpanda Brashi kichwani. Alimwita dada yake “mama” na kumwita mama yake “mwalimu”, na kwa kidole aliandika herufi kubwa hewani, moja moja, kwa utaratibu. Dada Buti alijua kila hatua inayofuata kabla haijafika, na kujua huko hakukumsaidia chochote. Alimgeuza, akampaka mafuta midomoni, akamfuta. Nesi wa wodi alimruhusu afanye hayo yote, kwa sababu hakuna sheria inayomzuia ndugu kumwosha ndugu yake. Brashi alikata roho Alhamisi asubuhi, wakati shuka linabadilishwa, Dada Buti amemshika upande wa mabega na nesi upande wa miguu.

Msiba uliwekwa nyumbani kwa mama. Watu walijaa mpaka barabarani, wengi wao wenye maduka. Siku ya mazishi, jeneza likiwa bado ndani, Fundi Baiskeli alikuja na mkewe, amevaa koti lililombana. Mama alikuwa amekaa chini kwenye mkeka katikati ya wanawake. Alipomwona alinyanyua uso.

“Wewe usiingie kwangu,” alisema. Sauti yake haikuwa kubwa lakini ilifika mpaka barazani. “Wewe ndiye uliyemfundisha mwanangu huo unga. Mlikuwa mnakwenda wote. Wewe uko hai, una watoto, na wangu yuko kwenye sanduku.”

Kisha akamgeukia Dada Buti aliyekuwa karibu naye, akamshika goti, akawaambia waombolezaji kwamba huyu binti ndiye aliyempigania mdogo wake mpaka dakika ya mwisho, na kama Brashi angemsikiliza dada yake badala ya marafiki, leo wasingekuwa hapo. Wanawake waliitikia.

Fundi Baiskeli aliujua ukweli. Brashi alikuwa amemweleza zamani. Alimtazama Dada Buti mara moja, si kwa kumshtaki, akainamisha kichwa, akamshika mkewe mkono wakaondoka. Wakati wa kuzika alisimama mbali, nje ya uzio wa makaburi. Walipotoka mle ndani, Dada Buti alibaki amekaa na mkono wa mama juu ya goti lake.

Siku zilizofuata hakupata usingizi wala hamu ya kula. Kazini alitembea kama aliyepigwa rungu. Mgonjwa mmoja alimwambia kwa utani kwamba sura yake ni ya mtu mwenye arosto, ule ugonjwa wa kukosa unga, na wote walicheka isipokuwa Nesi Mkuu, aliyemwita pembeni na kumwuliza kama amerudia. Dada Buti alisema hapana. Nesi Mkuu alimtazama machoni muda mrefu, akamwamini, akamwuliza basi ni nini. Dada Buti akamweleza yote. Nesi Mkuu hakutoa ushauri. Alisema tu kwamba kuna watu wawili wanaodai ukweli huo, mmoja ameshazikwa na akaomba ufichwe, lakini mwingine ana kibanda cha pancha na anapita mbele ya mlango wa mama kila siku.

Jumamosi ya wiki ya tatu alikwenda kwa mama yake. Mama alikuwa ameanza kushona tena, rundo la sketi za buluu likiwa sakafuni. Dada Buti hakukaa. Alisema kwamba Fundi Baiskeli hana kosa lolote, kwamba aliyempa Brashi unga mara ya kwanza ni yeye, kwa mkono wake, kwa sindano yake, na kwamba ugonjwa uliomuua ulitoka kwenye damu yake. Alieleza na sababu. Hakujipunguzia hata kidogo.

Mama aliondoa mguu kwenye pedali.

“Chumba kipi?” aliuliza.

“Cha nyuma.”

“Na mimi nilikuwa wapi?”

“Ulikuwa hapa, mama. Unashona.”

Mama aligeuza kichwa akautazama mlango wa kuelekea chumba cha nyuma. Kutoka alipokaa mpaka pale palikuwa na hatua tisa au kumi. Alitazama kwa muda, midomo ikicheza kama anayehesabu. Halafu akasema, bila kumtazama binti yake, kwamba aende, na asije mpaka aitwe.

Alikwenda.

Habari nyingine alizipata kwa Fundi Baiskeli. Alimweleza kwamba Jumatatu yake mama alifika kibandani kwa miguu, amejifunga kitenge cha kutokea, akasimama mbele ya wateja na kusema kwa sauti kwamba alimtukana mtu asiye na hatia siku ya msiba na amekuja kuomba radhi mahali pa wazi, kama alivyomtukana mahali pa wazi. Hakutaja nani mwenye kosa. Fundi Baiskeli alimpa kiti. Alikaa pale mpaka mchana akimsikiliza akisimulia habari za Brashi ambazo mama hakuwa nazo.

Miezi mitano ilipita bila kuitwa. Dada Buti aliendelea na kazi. Alimtoa msichana mmoja gofuni akiwa na mimba ya miezi saba, akampeleka kupimwa na mtoto akachanjwa siku aliyozaliwa. Alimpoteza mzee mmoja aliyekuwa amekunywa dawa miaka minne bila kukosa. Kuna siku alikaa kwenye ule ubao uliolegea baada ya foleni kwisha, akalia, na Mfamasia akafunga dirisha taratibu bila kumwuliza.

Simu ilipokuja, mama hakusalimia sana. Alisema macho yake yameanza kuona ukungu, hawezi tena kutunga uzi, ameambiwa aende kliniki ya macho na asiende peke yake kwa sababu watamtia dawa ya kupanua mboni. Akauliza kama Jumanne ana nafasi. Dada Buti akasema anayo, ingawa hakuwa nayo.

Walikaa kwenye foleni kwa muda wa karibu saa tatu. Mama alikuwa amepungua, na kwenye nguo yake kulikuwa na mshono uliokwenda upande, jambo ambalo zamani asingelivumilia hata kwenye gunia. Walizungumza kuhusu paa linalovuja na bei ya uzi. Walipobaki watu wawili mbele yao, mama alisema, macho yake yakiwa ukutani:

“Bado nina hasira na wewe.”

“Najua, mama.”

“Usidhani zimekwisha kwa sababu nimekupigia simu.”

“Sidhani.”

“Siku nyingine naamka nazo mpya kabisa.” Alitafuta leso, akajifuta macho yaliyokwisha kutiwa dawa na yasiyoona vizuri. “Lakini nyumba ile ni kubwa kwa mtu mmoja. Ukipata nafasi Jumapili, njoo ulale.”

Jina la mama likaitwa. Alinyanyuka, akatafuta kitu cha kushika, na Dada Buti akampa mkono. Mama aliushika juu kidogo ya kiwiko, pale penye makovu ya zamani, akakaza vidole, wakaenda polepole mpaka mlangoni.